Wanachuo na Vidonge vya Moyo: Acheni Kugawana Kama Karanga!

Wapo wanachuo ambao UE ikikaribia au siku ya kusimama mbele ya jopo ikifika, wanameza propranololi ya kupewa na mshikaji wa geto. Mikono inaacha kutetemeka, mtu anatoka kifua mbele. Safi, sio?

Ngoja kwanza. Hiyo ni dawa ya moyo na presha. James Black wa Uingereza aliitengeneza miaka ya 1960 kwa ajili ya wagonjwa wa moyo, akapata Tuzo ya Nobel 1988. Inazuia adrenalini isiusukume moyo, basi. Haisomi desa, haifuti sapu, haileti boom lililochelewa.

Mwenye pumu inaweza kumbana kifua hadi kumuua. Anayechoma insulini inamfichia dalili za sukari kushuka. Na huyo mshikaji anayegawa hajawahi kumuuliza mtu kama ana pumu!

Pale Kwihara, Tabora, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Yule alikuwa daktari, lakini boksi lake la dawa liliondoka na watoro wa msafara mwaka 1867, akateseka kweli. Daktari alikuwepo, dawa hakuna. Leo geto limejaa dawa, daktari ndo hayupo.

Daktari anaweza kweli kumwandikia mtu kidonge hicho kwa ajili ya woga, ila baada ya kumpima mapigo na kumuuliza maswali. Kwenda kumuona sio ushamba. Ushamba ni kufa kisa prezentesheni ya dakika kumi.