Gonga mlango kwanza, spika baadaye

Wiki hii nawashika sikio wale wa vigari vya mkononi, wale wa IST, Vitz, Raum na Spacio, ambao kila mwisho wa mwezi mshiko unakwenda kwa fundi redio na bado muziki haupandi. Najua mpo wengi, maana jioni pale barabara ya Makongoro nawasikia mnapita. Tatizo ni kwamba nasikia bati kuliko besi.

Gari hizi zikitoka Japani zinakuja na redio inayokamata FM ya kwao, inayoanzia 76 na kwa nyingi inaishia 90, wakati sisi stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo kitu cha kwanza kila mtu anabadilisha redio. Kisha anabadilisha spika. Mlango wenyewe, ambao ndiyo nyumba ya spika, hakuna anayeugusa.

Hebu toka nje ugonge mlango wa gari lako kwa kidole, pale katikati. Unalia ngwaa, sivyo? Ndiyo maana konda wa Hiace hahitaji kengele. Anapiga bodi mara mbili, dereva kule mbele amesikia na gari limeondoka. Sasa kile kinachomsaidia konda ndicho kinachokuua wewe. Bati jembamba ni ngoma tosha, na spika ikipiga besi bati nalo linaitikia kwa sauti yake, tena linachelewa kunyamaza.

La pili ni matundu. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ikibana hewa ya mbele, ya nyuma inalegea, na hizo mbili zikikutana besi zinafutana kama mtu anayelipa deni kwa kukopa. Vua kava la ndani la mlango utaona. Bati la ndani lina matundu makubwa, na kiwandani yamefunikwa na nailoni tu. Nailoni ile imewekwa kuzuia maji ya mvua, haina habari na sauti. Na gari lililopita mikono mitatu, fundi wa vioo alishaichana siku nyingi. Mwulizeni fundi wa mitumbwi pale Kirumba kama mashine kubwa inasaidia chombo chenye upenyo.

Kuna mshikaji wangu mmoja ana IST ya biashara, anabeba abiria kati ya mjini na uwanja wa ndege. Gari amelichukua kwa mkopo wa kikundi, na kila tarehe tano rejesho linamsubiri. Alifunga spika mpya za inchi sita na nusu, akipandisha sauti mlango unazizima kama nyuki ndani ya kopo. Fundi mmoja (simtaji, naye ana watoto) akamwambia dawa ni amplifaya kubwa. Jamaa akawa ameshaitoa pesa ya rejesho mfukoni. Nikamwambia ngoja kwanza, bwana we.

Hesabu ya wati iko hivi. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli tatu tu, yaani sikio linasema "mh, imepanda kidogo". Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Na kila wati unayoongeza inakwenda kulitikisa bati lile lile. Hiyo ni kununua kelele kwa bei ya muziki.

Dawa ni karatasi nzito ya mpira wa butili, unene wa milimita mbili hivi, upande mmoja gundi na upande wa pili alumini. Inafanya kazi kama kiganja juu ya ngoma. Bati likitaka kucheza, mpira unavutwa kati ya bati na alumini, na nguvu ya mtetemo inageuka kuwa joto kidogo na kuishia hapo. Wala huna haja ya kupaka mlango mzima kama keki ya harusi. Robo hadi nusu ya bati la nje, hasa palipo tambarare na nyuma ya spika, inatosha. Mita moja ya mraba ina kilo tatu hivi, na bawaba za mlango zitakushukuru.

Hapa sasa muwe macho. Kuna tepu ya lami ya kuzibia mapaa, nayo ina alumini juu, ukiiona dukani utaapa ni mapacha. Bei yake inavutia sana. Lakini sisi hapa Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na gari likishinda juani pale stendi ya Nyegezi bati linachoma mkono. Lami inalainika, inateleza, inadondokea mashine ya kioo, na abiria wako anasikia harufu ya barabara mpya. Ukitaka kujua ipi ni ipi, kata kipande ukivute. Butili inanyumbuka kama jojo na haina harufu ya lami. Vipande vya godoro navyo msitie mle ndani, vinakunywa maji na kuozesha mlango. Trei za mayai sizungumzii kabisa.

Tuliifanya kazi Jumapili, milango miwili ya mbele, toka saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Kufungua ni bisibisi na subira, klipu za zamani zinakatika kwa kutazamwa tu. Vumbi lililokuwa mle ndani lingetosha kupanda mchicha. Tulisugua bati kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, kwa sababu gundi haishiki mafuta. Tulipandisha na kushusha kioo kujua kinapita wapi, tukakwepa njia yake. Vyuma vya kitasa tulivizungushia sponji nyembamba visigongane. Matundu makubwa ya ndani tuliyafunika kwa bati jepesi la alumini, kingo zake tukazibana kwa butili, ili siku kioo kikigoma fundi aweze kufungua. Chini ya spika tukaweka pete ya plaiwudi iliyopigwa rangi ya mafuta. Vitundu vidogo vya chini ya mlango hatukuvigusa hata kimoja. Maji ya mvua hutokea pale, ukivipiga plasta umejijengea bwawa, na masika moja tu kutu inaanza kula.

Tulipogonga mlango ukasema "du". Mshikaji akaweka Fid Q, mtoto wa hapa hapa Mwanza, kwa spika zile zile na redio ile ile. Besi ikatoka, na maneno yakasikika moja moja. Siwadanganyi kwamba imekuwa disko, zile besi za chini kabisa bado zinataka sabufa. Lakini sauti anayoiweka sasa ni ya chini kuliko zamani, na hilo si dogo kwa mtu anayeshinda garini. Shirika la Afya Duniani linasema sikio linavumilia desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na zikifika 90 zinabaki saa nne tu. Zaidi ya hapo kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, kwa hiyo wale wa kufungua vioo usiku wa manane huko Mabatini, msiseme hamkuambiwa.

Vifaa havikufika hata robo ya bei ya ile amplifaya, na rejesho lilikwenda tarehe tano kama kawaida. Sasa jamaa anadai milango ya nyuma. Nimemwambia aache kwanza, kwa sababu bati la mlango liliponyamaza tumegundua kwamba pleti ya namba kule kwenye buti nayo ilikuwa inapiga ngoma yake siku zote. Hiyo inataka kipande cha raba na dakika kumi.