Rangi ya Mji Iko Juu ya Paa

Mtu anayepanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini hazioni kuta kwanza. Barabara inajikunja kuukwea mlima, na kinachomjia mbele ya macho ni mapaa: mabati yaliyoshika kutu, mabati ya buluu, ya kijani, ya damu ya mzee, na siku hizi ya kijivu kilichokolea ambacho vijana wanaojenga wanakipenda sana. Mbeya ni vivyo hivyo. Ukisimama upande wa juu, chini ya mlima Loleza, mji wote umelala miguuni pako, na kila unachokihesabu ni bati.

Ajabu ni kwamba kila ukizuka mjadala wa rangi za majengo katika mitaa mipya, watu hubishania kuta. Upande mmoja unalalamika kwamba kila mtu anapaka lake: huyu zambarau, jirani yake njano ya kiini cha yai, wa tatu kijani kama cha basi la mkoani. Upande wa pili unajibu kwamba kiwanja ni changu, hati ninayo, na ndoo ya rangi nimeinunua kwa hela yangu. Wote wana hoja. Lakini wanagombania sehemu ndogo ya mji.

Mombasa walishapita njia hiyo. Mwaka 2018 serikali ya kaunti, chini ya Gavana Hassan Joho, iliwaagiza wamiliki wa majengo ya katikati ya mji wayapake rangi nyeupe na buluu ya Misri. Wapo waliosifu, kwa kuwa mji wa pwani unapendeza ukiwa mweupe. Wengine waliuliza swali ambalo halikwepeki: nani analipa? Agizo likitoka ofisini na bili ikaenda kwa mwenye nyumba, hata rangi nzuri inageuka adhabu.

Hata hivyo nyeupe ya pwani ina asili yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Chokaa inauacha ukuta upumue na inarudisha mwanga wa jua, na katika joto la Zanzibar hiyo ni nafuu kubwa. Nyeupe ile ilitokana na jua na matumbawe, haikutokana na agizo la mkubwa.

Ukiihamishia Nyanda za Juu Kusini inapoteza sababu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai watu wanalala chini ya mablanketi mawili huku jiko la mkaa likiwa limeshapasha sebule. Huko hakuna anayetafuta ukuta wa kufukuza joto. Halafu kuna tope. Mvua za Desemba zikianza Kihesa au Mkimbizi, Iringa, maji ya paa lisilo na gata yanaupiga udongo mwekundu na kuurusha ukutani hadi usawa wa goti. Nyumba iliyopakwa nyeupe Oktoba inakuwa na mkanda wa kahawia kabla ya Krismasi. Mafundi rangi wanalijua hilo bila kusoma kitabu: sehemu ya chini wanaipaka kahawia au kijivu cha rangi ya mafuta, juu wanaweka krimu ya rangi ya maji, na mwenye nyumba anafuta tope kwa kitambaa. Huo ni utaratibu wa rangi tayari, na hakuna diwani aliyeupitisha.

Kuna jambo zito zaidi. Ukizunguka Isyesye au Iwambi, Mbeya, utakuta nyumba nyingi hazijapigwa hata lipu. Ni matofali ya kuchoma, mekundu, yamesimama hivyo miaka, madirisha yamezibwa kwa mabanzi au yana nondo tupu, na ndani watu wanaishi na watoto wanasoma. Hivyo ndivyo Mtanzania wa kipato cha kawaida anavyojenga: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati mkopo wa chama cha akiba ukitoka, lipu Mungu akipenda. Agizo la rangi kwa nyumba kama hiyo ni agizo la lipu, skimu, rangi ya kwanza na rangi ya pili kwa pamoja. Litamwangukia yule yule asiye nazo.

Na kusema kweli, tofali la kuchoma lililopangwa vizuri, maungio yake yakajazwa saruji kwa unadhifu, halina haja ya kufichwa. Ni udongo wa hapo hapo. Tanuru zinakula kuni nyingi, hilo lazima lisemwe, lakini kulificha tofali ambalo limeshachomwa hakurudishi mti hata mmoja. Sheria ndogo yoyote ya rangi itakayotungwa Mbeya au Iringa ilitambue tofali hilo kuwa ukuta uliokamilika.

Wanaopenda maagizo hupenda pia kutaja miji ya nje. Jaipur, India, ilipakwa waridi mwaka 1876 kumpokea mwana wa malkia wa Uingereza, na mpaka leo inajulikana kwa rangi hiyo. Tirana, mji mkuu wa Albania, ni mfano wa karibu zaidi: Edi Rama, mchoraji aliyekuwa meya mwaka 2000, alipaka maghorofa machakavu rangi za chungwa, njano na kijani, na mji mzima ukabishana. Tofauti na Mombasa iko hapa: Rama hakumwambia mpangaji akanunue ndoo. Mji wenyewe ulibeba kazi hiyo.

Wanaopaswa kubanwa kwa rangi ya ukuta ni makampuni. Pita barabara kuu ya Mbeya kutoka Uyole hadi Mbalizi uone maduka yaliyopakwa kuanzia chini hadi juu rangi za mitandao ya simu na vinywaji. Mwenye duka anapata rangi bure, kampuni inapata tangazo kubwa, mtaa haupati kitu. Tigo ilipogeuka Yas Novemba 2024, kila ukuta uliobeba jina la zamani ukawa tangazo la jina lisilotumika tena. Sasa barabara hiyo inapanuliwa kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, na maduka mapya yatajengwa pembeni yake. Huko halmashauri ina haki ya kuweka masharti na kudai malipo. Kwa mwananchi wa kawaida, rangi ya serikali anayoifahamu ukutani ni ile X nyekundu ya amri ya kubomoa, na hiyo inamtosha.

Paa ni habari nyingine. Bati la rangi linadumu kuliko rangi ya ukutani, linaonekana kutoka kila kilima, na anayenunua bati la msauzi lazima achague rangi fulani dukani. Kumwomba achague miongoni mwa rangi nne au tano zilizokubaliwa hakumwongezei mzigo, mradi aulizwe kabla hajanunua, yaani anapopeleka michoro kuomba kibali cha ujenzi. Waliokwisha kuezeka waachwe na mapaa yao.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, ila hazianzi kutumika mpaka waziri aidhinishe. Kabla ya karatasi kufika huko, madiwani wa Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa waende kwenye mikutano ya mitaa na sampuli za bati mkononi, wawaulize wakazi wa Isyesye na Mkimbizi wanataka kuona nini wakiwa juu ya kilima. Kuta wawaachie wenyewe.