Uvira: Taa za leza zisiharibu kamera za sherehe

Uvira – Jumamosi jioni, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, ni vigumu kupita kartie moja bila kusikia muziki wa arusi. Ndani ya kumbi, vitu viwili hugombania macho ya wageni. Upande mmoja yuko dijei na taa zake za leza, zile nyuzi za kijani, nyekundu na buluu zinazokimbia juu ya wachezaji. Upande mwingine iko kona ya picha: pazia, maua, kiti cha maharusi, na kamera iliyosimama juu ya miguu yake mitatu tangu wageni wa kwanza waingie mpaka wa mwisho atoke. Jamaa hulipa vyote viwili. Wachache wanajua kwamba kimoja kinaweza kuua kingine kwa sekunde moja tu.

Jambo lenyewe si gumu kuelewa. Mtoto aliyecheza na kioo cha kukuza anajua kwamba kioo hicho hukusanya mwanga wa jua mpaka karatasi ikaungua. Lenzi ya kamera inafanya kazi ileile. Hukusanya mwanga na kuutupa juu ya kihisi, kibamba kidogo cha ndani kinachogeuza mwanga kuwa picha. Taa za kawaida, hata zile za LED za rangi nyingi, mwanga wake hutawanyika, kwa hiyo hazina hatari hiyo. Mwanga wa leza hautawanyiki hivyo. Unakwenda umekusanyika kama uzi. Ukiingia moja kwa moja ndani ya lenzi, nguvu yake yote huangukia nukta moja ya kihisi, na nukta hiyo huungua. Tangu hapo kila picha hutoka na alama ya rangi, au mstari mzima kutoka juu hadi chini. Hakuna kitambaa cha kuufuta. Kihisi kilichoungua hakitengenezwi, hubadilishwa kizima, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya kamera nyingine. Simu za wageni nazo haziponi, maana nazo zina lenzi na kihisi.

Si hadithi ya kutisha watu. Mwezi wa Januari 2019, katika maonyesho makubwa ya teknolojia mjini Las Vegas, Marekani, mtu mmoja alipiga picha ya gari lililofungwa kifaa cha leza cha kupima umbali. Kamera yake, yenye bei ya karibu dola 2000, ikabaki na alama katika kila picha. Kampuni yenye kifaa hicho ilikubali kumnunulia kamera nyingine. Huko kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Katika arusi ya Uvira, nani anaulizwa? Dijei atasema taa ni za mwenye ukumbi. Mwenye ukumbi atasema dijei aliletwa na jamaa ya bwana arusi. Jamaa nayo itadai picha zake, kwa sababu imekwisha kutoa avansi. Mpiga picha anabaki peke yake na hasara.

Kwa kijana anayeishi kwa kazi hiyo, kamera ndiyo shamba lake. Ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Kamera ikiharibika, anarudi nyuma miaka.

Kuna hasara nyingine isiyohesabiwa kwa dola. Mafuriko ya Aprili 2020, wakati mto Mulongwe na mito mingine ilipobeba nyumba, yalibeba pia albamu. Vita navyo vimefanya vivyo hivyo. Februari 2025, maelfu ya watu walipovuka Ruzizi kuingia Burundi, walibeba godoro, sufuria na watoto. Picha za ukutani zilibaki. Kwa jamaa kama hizo, picha moja ya arusi inaweza kuwa ndiyo pekee inayoonyesha bibi, wajomba na watoto wakiwa pamoja. Mtoto akipotea njiani, sura yake katika picha ndiyo inayoonyeshwa kwa majirani na kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Picha zenye mistari, au zisizopigwa kabisa, haziwezi kupigwa tena baada ya watu kutawanyika.

Tena, jicho la mtu nalo lina lenzi. Julai 2008, katika tamasha moja karibu na mji wa Kirzhach, Urusi, mvua ilinyesha na hema zikatandazwa juu ya uwanja. Leza zilizokusudiwa kuelekezwa angani zikawapiga watu machoni, na makumi ya vijana wakapoteza sehemu ya uwezo wa kuona. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima tochi 122 za leza zinazoshikwa mkononi. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikufuata kanuni za usalama. Basi maandishi yaliyobandikwa kwenye kifaa cha bei rahisi si ya kuaminiwa kwa urahisi.

Madijei wana neno lao. Wanasema sherehe bila taa haina moto, na vyombo hivyo wamevinunua kwa jasho. Wanasema pia mpiga picha ajilinde mwenyewe. Sehemu ya kwanza ni kweli, na hakuna anayetaka arusi za giza. Lakini mpiga picha hawezi kujilinda peke yake. Kichujio cheupe kinachofungwa mbele ya lenzi hakizuii mwanga wa leza unaoonekana. Chenye giza hupunguza mwanga wote, na picha ya usiku haitatoka vizuri. Anayeelekeza mwali ndiye mwenye uwezo wa kuuelekeza kwingine.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha nyingi. Kanuni za Marekani zinataka mwali upite angalau mita 3 juu ya mahali watu wanaposimama. Pale ambapo dari ni fupi, leza ielekezwe kwenye dari au ukuta wa nyuma ya dijei, mbali na vioo na chuma kinachong'aa. Kioo kinachozungusha mwali kikikwama, chombo kizimwe mara moja, kwa maana mwali uliosimama una hatari kuliko unaokimbia.

Mpiga picha naye apange kona yake mapema, kamera ikiipa leza mgongo. Asipopiga picha, aweke kifuniko cha lenzi. Kuzima kamera tu hakutoshi: kamera nyingi mpya zisizo na kioo cha ndani huacha kihisi wazi hata zikiwa zimezimwa. Zile za zamani zenye kioo hukificha kihisi, lakini zikirekodi video kioo hupanda na kihisi kubaki wazi. Apige pia picha ya ukuta mweupe kabla ya sherehe na nyingine mwishoni. Hizo ndizo zitakazoonyesha kama alama ilizaliwa usiku huo.

Wenye kumbi ndio walio na ufunguo wa jambo hili. Wanaandika mkataba kuhusu viti vilivyovunjika na saa ya kufunga muziki. Waongeze mstari mmoja: leza haielekezwi kwa watu wala kwa kamera, na anayevunja sharti hilo ndiye anayelipa kilichoharibika. Mstari huo unamlinda dijei pia, kwa kuwa aliyefuata sharti hatalaumiwa bure.

Jamaa zinazoandaa arusi nazo zina sauti, kwa kuwa ndizo zinazotoa fedha. Siku ya kulipa avansi, dijei na mpiga picha waitwe pamoja ndani ya ukumbi, taa ziwashwe, na kila mmoja aone mwali unapita wapi. Kazi hiyo inachukua dakika kumi.