Seli ni chumba tu, jamani

Kuna wenzetu hapa chuo wanaapa kuwa Kiswahili hakiwezi sayansi, eti maneno yake ni ya mtaani mno. Haya, tuyaangalie hayo ya Kiingereza.

Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alichungulia kwa hadubini kipande chembamba cha koki, ile ya vizibo vya chupa, akaona vijumba vitupu vimepangana. Akaviita "cells", kutoka neno la Kilatini cella, yaani chumba kidogo. Basi! Na "nucleus", jina alilotumia Robert Brown mwaka 1831, kwa Kilatini ni kile kiini cha ndani ya kokwa.

Sasa umtaani uko wapi? Chumba na kokwa, maneno ya kila siku ya Warumi. Sisi tunasema kiini cha seli, kiini kilekile cha yai, na mtoto wa shule ya msingi anakuelewa kabla hujamaliza. Anayekariri nucleus bila kujua maana yake ndiye anayehangaika. Kwangu mimi neno linaloeleweka ndilo la kisayansi zaidi. Mnaobisha bisheni, ila leteni hoja, sio Kilatini.