BWANA HARUSI AVAA KANIKI USOKE MCHANA KWEUPE, WATU WAMWITA MGANGA. ACHENI HIZO!

Picha zimezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu wikiendi. Bwana harusi, kijana wa Usoke anayepiga kazi Dar, kasimama chini ya mwembe saa nane mchana: shati jeupe la mikono mirefu, shuka la kaniki kalifunga lubega, makubazi miguuni. Bi harusi katupia kitenge kilichoshonwa kikashoneka, na shanga nyeupe shingoni. Hakuna suti wala tai. Kamenti zikaanza kumiminika. "Mganga kaoa." "Hii harusi au tambiko?" "Kamati imekula michango." Na wanaocheka sana ni vijana wa mjini ambao babu zao wamezikwa hukohuko Urambo na Sikonge.

Haya, wadau, kosa lake ni lipi hasa?

Kama ni kupendeza, angalieni wenzake waliopanga mstari nyuma yake na suti nyeusi za kukodi. Jua la Tabora mwezi wa tisa halina urafiki na mtu. Jamaa wanajifuta jasho kwa leso mpaka leso zimechoka. Mmoja kavaa tuksedo na tai ya kipepeo saa nane mchana! Hiyo tuksedo hata huko Ulaya ilikotoka ni vazi la usiku. Kwa hiyo aliyekosea mavazi siku ile yupo, ila siyo yule wa kaniki.

Cha kushangaza, watu haohao wakiona Mskoti anaoa na kilti, lile vazi la sufu la miraba linaloishia magotini, wanaandika "wazungu wanaheshimu utamaduni wao." Hakuna anayeuliza kwa nini mwanaume kavaa sketi. Na Waskoti wana utaratibu wao: harusi ya mchana kwa desturi inataka koti la sufu la kawaida lisilo na mbwembwe, na lile koti fupi la vifungo vya fedha linaachiwa sherehe ya usiku. Vazi la asili lina saa zake, na wao wanazijua.

Tena vazi hilo liliwahi kupigwa marufuku. Mwaka 1746 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kuwazuia wanaume wa milima ya Uskoti kuvaa nguo zao, isipokuwa waliokuwa jeshini. Ukikamatwa mara ya kwanza, jela miezi 6. Ukirudia, unasafirishwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria ikafutwa mwaka 1782, na leo kilti ni nguo ya kuolea. Wao walizuiwa na serikali yenye askari na jela. Kijana wa Kinyamwezi leo hakatazwi na sheria yoyote, anazuiwa na emoji za kucheka.

Wapo wajuaji watakaosema kaniki yenyewe siyo ya Wanyamwezi, ililetwa. Ni kweli. Kaniki ilitoka India, na merikani, lile shuka jeupe, lilitoka Marekani. Lakini nani aliyebeba hayo majora kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na mengine mpaka Ujiji? Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Walitembea kwa miezi na mzigo begani, na ujira wao mara nyingi ulikuwa kitambaa hichohicho. Kabla ya hapo wazee walivaa nguo za magome ya miti ya miombo na pamba ya kufuma wenyewe. Kama nguo iliyoletwa haifai kuitwa ya kwetu, basi vueni na suti.

Na uganga umeingiaje hapo? Kaniki ndiyo nguo ambayo bibi zetu walijifunga wakienda shamba, wakabebea watoto, wakalalia. Ukimwita aliyeivaa mganga, umemtukana bibi yako kwanza.

Ila hapa kuna wengine wa kusemwa. Kuna maharusi wanaokodi ngozi ya simba na taji la kichifu, wanapiga picha dakika kumi, halafu wanakimbilia suti. Huo ni usanii. Ngozi ya simba ilikuwa ya mtemi, haikuwa pambo la kila mtu. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini heshima ya vitu vyao haikufutwa, hasa maeneo hayo ya Urambo, nyumbani kwa Mtemi Mirambo. Anayetaka kuvaa asili aanze kwa kuwauliza wazee. Na kaniki siyo lazima kwa kila mtu: Tabora kanzu na kofia vimevaliwa vizazi na vizazi, na kanzu nyeupe mchana inapendeza kuliko suti yoyote nyeusi.

Halafu kuna suala la hela. Familia nyingi za huko zinaishi kwa tumbaku, zinahenya msimu mzima kusubiri malipo. Sehemu ya hela hiyo inakwenda kwenye suti ya kukodi ambayo kesho yake asubuhi inarudishwa dukani na madoa ya jasho. Kaniki inabaki nyumbani. Mtoto atabebewa humo.

Katika picha zile kuna moja ya bibi mzee anayemrekebishia bwana harusi fundo la lubega, maana kijana alikuwa kalifunga ovyo. Hiyo haikupata kamenti hata moja, watu walikuwa bize na utani wa mganga. Bibi huyo akiondoka, nani atajua fundo linafungwaje?

Mdau, harusi yako ya mchana ungetupia nini? Shusha maoni hapo chini, matusi bakia nayo.