MNYAMA WA RUSINGA ALITEMBEAJE?

Mvuvi wa Mbita akitazama ng'ambo, huona vilima vikavu vya Rusinga, na mbuzi wakila majani. Si rahisi kusadiki kwamba yapata miaka milioni 18 iliyopita mahali hapo palikuwa na mwitu, na mlima Kisingiri ukitapika moto. Ziwa lenyewe lilikuwa bado kuwapo.

Majivu ya mlima huo ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya wanyama hata ikageuka mawe. Mwezi wa Oktoba 1948 Bibi Mary Leakey alipata huko fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe, aliyeitwa Proconsul. Jina hilo lilitolewa mwaka 1933 kwa mabaki ya Koru, si mbali na Kisumu. Tangu mwaka 2015 wale wa Rusinga huitwa Ekembo, neno la Kisuba.

Lakini nani ajuaye mnyama wa zamani hizo alivyokwenda? Kiungo humwambia mjuzi kazi yake, kama mpini uliolika umwambiavyo fundi jinsi jembe lilivyoshikwa.

Sokwe wa leo ana mikono mirefu kuliko miguu, na kifua kipana. Kwa hiyo aweza kuning'inia matawini. Mnyama wa Rusinga hakuumbwa hivyo. Mikono na miguu yake ilikaribia kulingana, kifua kilikuwa chembamba, na mgongo ulinyumbuka. Basi alikwenda juu ya tawi kwa viungo vinne, kama kima.

Hata hivyo, kima hujisawazisha kwa mkia. Je, huyu alikuwa nao? Mwaka 1991 wataalamu walieleza kwamba pingili ya mwisho ya kitokono ilionyesha hakuwa na mkia. Wengine walibisha, ila uchunguzi wa baadaye ukawaunga mkono wale wa kwanza. Basi hakuanguka kwa sababu gani? Alikuwa na vidole vya kushika kwa nguvu na gumba refu, na yadhaniwa hakuwa mwenye haraka.

Tazama, jambo kubwa namna hii lilitegemea pingili ndogo. Kama mtoto mchungaji angaliiokota na kuitupa majini, ubishi ule ungalidumu. Kwa hiyo Kenya ina sheria ya mwaka 2006 ya kulinda urithi wa namna hiyo. Aonaye mfupa wa jiwe na auache palepale, kisha awaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa; maana ukihamishwa kiholela, hupoteza nusu ya habari zake.