Mchezaji Mzee na Mkataba Mpya

Kila mwaka ligi yetu inapokwisha huanza maneno ya usajili. Hapa Kaole maneno hayo yasemwa pwani, wavuvi wakishona nyavu zao, na yasemwa pia nje ya kanisa baada ya Misa, hata na wale ambao punde hivi walikuwa wakiimba kwaya. Husemwa kwa urahisi sana: "Yule mzee, aondoke." Naye huyo aitwaye mzee ana miaka 33! Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima afikapo miaka 60.

Basi leo tulitazame jambo hili polepole, maana katika nyumba zetu nyingi yuko kijana anayetaka kuacha jembe na daftari aende Dar es Salaam kucheza mpira. Yampasa baba yake ajue mwisho wa kazi hiyo ulivyo, si mwanzo wake tu.

Nasema wazi kwamba mkataba si shukrani. Ni mapatano juu ya kazi itakayofanywa, si juu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Timu ikimpa mtu miaka miwili kwa sababu tu alitufurahisha zamani, humweka benchi, kijana mwenye nguvu hukosa nafasi, na mwishowe watazamaji wale wale waliompenda humzomea. Heshima gani hiyo?

Lakini kazi haipimwi kwa cheti cha kuzaliwa. Mkumbukeni golikipa Juma Kaseja. Simba walimwacha mwaka 2013, na wengi wakasema amekwisha. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34 na akichezea KMC, aliitwa tena Taifa Stars. Mwezi wa Agosti, huko Nairobi, Kenya ikatolewa kwa penalti 4 kwa 1. Mwezi wa Septemba, Dar es Salaam, Burundi nayo ikatolewa kwa penalti 3 kwa 0. Mara zote mbili aliyesimama golini ni Kaseja. Wamisri nao walimpanga Essam El-Hadary katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 akiwa na miaka 45, akadaka penalti ya Saudi Arabia.

Mtaniambia, hao ni magolikipa. Kweli. Mchezaji wa pembeni ambaye mali yake yote ni mbio, mbio zikimwisha hana cha kuuza. Lakini katika chombo cha uvuvi mzee havuti wavu kama kijana, naye hashushwi pwani kwa sababu hiyo. Hupewa usukani, kwa kuwa ajua mwamba uko wapi na upepo hugeuka lini. Beki wa kati mwenye akili ni kama huyo.

Tazameni pia habari za John Bocco. Msimu wa 2020/2021, akiwa nahodha wa Simba, alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Mwaka 2024 wakaagana, naye akaenda kucheza JKT Tanzania. Mimi sioni kwamba Simba walikosa, wala sioni kwamba Bocco alikosa kuendelea. Timu moja yataka miguu mipya, nyingine yataka mtu aliyekwisha kuona mengi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mzee ambaye mwili wake bado wakubali apewe mwaka mmoja, kisha atazamwe tena. Na asiyetakiwa aambiwe mapema. Sheria za FIFA humruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 kupatana na timu nyingine. Ukimficha mpaka siku ya mwisho umemnyang'anya miezi hiyo, na kwa mtu wa miaka 33 miezi 6 ni mingi. Kuachwa hakuniudhi. Kinachoniudhi ni mtu kusikia habari zake mwenyewe redioni, hali mishahara yake ya nyuma hajalipwa. Baba Mtakatifu Leo wa XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubali, maana mwenye shida hukubali lolote. Mchezaji mzee mwenye watoto shuleni ni mwenye shida.

Basi mzazi, mtu wa mpira akija nyumbani kwako na karatasi, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Isome pamoja na mtu ajuaye kusoma mambo ya namna hiyo. Kijana wa chini ya miaka 18 hafungwi kwa zaidi ya miaka 3, na mkubwa, kwa desturi, kwa zaidi ya miaka 5. Uliza nani atamtibu akivunjika mguu. Uliza shule itakuwaje. Mshahara wa miezi 2 usipolipwa, mchezaji aweza kuidai timu kwa barua, akiipa siku 15, na zikipita bure aweza kuuvunja mkataba. Lakini lazima awe na karatasi yake mkononi, kwa hiyo nakala moja ibaki nyumbani kwako, sandukuni, pamoja na vyeti vya ubatizo.